Dawa Moja, Mikono Tofauti: Madhara ya Afyuni, Huruma na Kwingineko



Nimeombwa nilinganishe nchi na nchi: ni wapi watu wanatumia zaidi dawa za jamii ya afyuni, na ni wapi zinaua zaidi. Ukifungua vitabu vya takwimu utadhani jibu ni fupi. Marekani itakuwa juu, nchi chache za Ulaya zitaifuata, na Kenya utaitafuta chini kabisa, pengine usiione. Mtu wa mtaa huu wetu wa Huruma, Nairobi, akisoma orodha hiyo anaweza kumshukuru Mungu na kwenda zake. Nimekuja kuwaomba msishukuru mapema.

Hoja yangu ni moja. Dawa hizi ni zile zile, uwe Marekani, Mombasa, Kampala au hapa Kiamaiko. Kinachotofautisha nchi na nchi ni mikono inayozishika. Zikiachiwa mfanyabiashara asiyeulizwa maswali, zinaua kwa maelfu mbele ya macho ya watu. Zikiachiwa mlanguzi na polisi wakimbizane nazo, zinaua kichochoroni pasipo mtu kuandika. Zikikabidhiwa muuguzi aliyefunzwa, zinatuliza maumivu na hata kumtoa mtu kwenye uraibu. Kila nchi nitakayoitaja jioni hii itakuwa ushahidi wa hoja hiyo.

Dawa yenyewe

Afyuni ni utomvu wa mmea. Ndani yake mna mofini na kodini. Mofini ikipikwa kwa kemikali inakuwa heroini, unga tunaoujua. Kisha zipo dawa zinazotengenezwa maabara bila kuhitaji shamba lolote: methadoni, tramadoli, fentanili. Zote hukaa mahali pamoja kwenye ubongo, kama ufunguo kwenye kitasa, na hapo maumivu hupungua na raha hupanda. Tatizo ni kwamba ufunguo huo huo unafungua pia mlango wa sehemu inayoamrisha pumzi. Aliyezidisha hulala, akakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo ikabadilika rangi, mboni za macho zikawa ndogo kama ncha ya kalamu, na pumzi zikaachana moja na nyingine mpaka zikakoma. Mara nyingi jambo hili halitokei kwa sekunde moja. Huchukua dakika nyingi, wakati mwingine saa nzima. Shikeni hilo, nitalirudia.

Mwili ukishazoea, ukinyimwa unaasi. Vijana wanaita arosto: jasho, kamasi, kuharisha, mifupa kuuma, usingizi kutoroka. Arosto ni nadra kuua yenyewe, lakini ndiyo inayomtuma mtu kupokonya simu Juja Road saa kumi na mbili asubuhi. Asakaye kete, yaani kipakiti cha unga, wakati huo hatafuti tena raha. Anatafuta kusimama wima.

Na mazoea hayo huyeyuka. Mtu akikaa rumande miezi miwili bila unga, mwili unasahau kiasi ulichokuwa ukikistahimili. Akitoka akarudia kete zake za zamani, zinamuua. Tafiti za nchi nyingi zinakubaliana kwamba wiki mbili za kwanza baada ya kutoka jela ndizo za hatari kupita zote. Mama mwenye kijana anayetoka gereza la Industrial Area anafanya sherehe. Anayejua mambo haya anafanya sherehe huku akikesha.

Marekani: mlango wa hospitali

Wamarekani hawakuletewa balaa lao na jahazi. Liliingia kwa mlango wa hospitali, likiwa na cheti cha daktari. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge cha oksikodoni kiitwacho OxyContin. Wauzaji wake walizunguka kwa madaktari wakiwaambia kwamba wagonjwa wanaoishia kuwa waraibu hawafiki hata 1 katika 100. Sehemu ya ushahidi uliokuwa ukitajwa miaka hiyo ni barua ya sentensi tano iliyochapishwa 1980 katika jarida la tiba, ikizungumzia wagonjwa waliolazwa wodini chini ya uangalizi. Barua hiyo haikuhusu mtu anayepewa chupa ya vidonge vya mwezi mzima aende navyo nyumbani. Ilinukuliwa mamia ya mara kana kwamba ni utafiti kamili.

Mwaka 2007 kampuni hiyo pamoja na wakuu wake watatu walikiri makosa mahakamani kwa kupotosha kuhusu hatari ya dawa hiyo, na malipo yakafikia takriban dola milioni 634. Biashara ikaendelea. Mwaka 2010 kidonge kiliundwa upya kiwe kigumu kupondwa, na wengi waliokwisha kunaswa wakahamia heroini. Kuanzia mwaka 2013 hivi fentanili ikaanza kuchukua nafasi ya heroini. Fentanili ina nguvu takriban mara 50 ya heroini, hivyo anayechanganya akikosea kidogo tu, mteja hufa. Mwaka 2022 Marekani ilipoteza watu wapatao 108,000 kwa kuzidisha dawa za kulevya, na karibu 82,000 kati yao waliuawa na dawa za jamii ya afyuni. Hilo ni taifa lenye hospitali ghali kuliko zote duniani.

Kwa hiyo tusidanganyike kwamba cheti cha daktari ni kinga peke yake. Mkono wa daktari ukivutwa na mkono wa mwenye duka, wodi inageuka maskani.

Huruma: mlango wa bahari

Hadithi yetu ina ramani nyingine. Heroini ya Afghanistan husafiri mpaka pwani ya Makran, kati ya Iran na Pakistan, ikapakiwa kwenye majahazi na kushuka na bahari hadi kwetu. Sehemu kubwa hupita ikielekea Afrika Kusini na Ulaya, lakini njia ya unga haipiti mahali bila kuacha mabaki. Tarehe 23 Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Miezi michache baadaye meli nyingine, Amin Darya, ilikamatwa na serikali yetu, ikavutwa baharini na kulipuliwa Agosti 2014 huku Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Ndugu wawili wa Mombasa, Baktash na Ibrahim Akasha, walipelekwa Marekani Januari 2017. Mmoja alihukumiwa miaka 25 na mwingine 23.

Hatua hizo zilistahili. Lakini tuwe wakweli: hakuna aliyepona arosto kwa mlipuko ule.

Pwani walishaona mapema nini hutokea unga unapokatika ghafla. Mwishoni mwa 2010 msako na uhaba viliikausha Mombasa na miji jirani. Watu waliokuwa wakitumia kila siku wakaanguka majumbani na barazani pamoja, wakati nchi haikuwa na kliniki hata moja ya methadoni ya kuwapokea. Waliokuwa na uwezo walinunua vidonge vya kulalia, wakachanganya na chochote kilichopatikana. Unga uliporudi uliwakuta miili yao imesahau. Mlanguzi alikuwa amepoteza mzigo; waliopoteza maisha ni wateja wake.

Jambo jingine lililobadilisha mchezo ni aina ya unga. Miaka ya 1980 na mapema ya 1990 wengi Pwani walikuwa wakivuta heroini ya kahawia, ile iliyoitwa brown sugar. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 ikaja nyeupe, inayoyeyuka majini kwa urahisi, na sindano ikaingia. Sindano ikiazimwa, ugonjwa nao unaazimwa. Uchunguzi wa Wizara ya Afya wa miaka ya 2010 na 2011 ulikuta virusi vya Ukimwi kwa watu 18 hivi katika kila 100 wanaojidunga, wakati kwa taifa zima walikuwa kati ya 5 na 6. Kwa wanawake wanaojidunga Nairobi kiwango kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha wanaume wenzao. Dar es Salaam watafiti waliandika mwaka 2005 kuhusu wanawake waliokuwa wakigawiana damu: mmoja akishajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba na kumpa mwenzake asiye na pesa, wakiamini kwamba ina unga wa kutosha kutuliza arosto. Walifanya hivyo kwa kuoneana huruma. Nawaomba mlitafakari hilo kabla ya kuwaita watu wasio na utu.

Na sheria yetu ilifanya nini? Ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti mihadarati iliweka kifungo cha miaka 20 kwa anayepatikana na heroini, hata kama ni ya kujitumia mwenyewe. Iligusa pia vyombo vya kutumia. Matokeo yake mtaani yanaeleweka: kijana hawezi kutembea na sindano yake safi mfukoni kwa sababu ni ushahidi dhidi yake, basi anaiacha maskani, na maskani sindano haina mwenyewe. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa, na adhabu kali zikabaki ndizo nguzo yake.

Kinachoandikwa na kisichoandikwa

Sasa nirudi kwenye ile orodha ya nchi. Marekani mtu akifa ghafla akiwa kijana, kwa kawaida mwili wake hupelekwa kwa mchunguzi wa vifo, damu ikapimwa, na jina la dawa likaandikwa kwenye cheti. Hapa kwetu, mtu akifia hospitali hujaziwa fomu ya D1 na daktari. Akifia nyumbani hujaziwa fomu ya D2 na naibu wa chifu, na sababu ya kifo huwa ile iliyosemwa na jamaa. Naibu wa chifu hana maabara. Jamaa wana aibu, na wana haraka ya kupata kibali cha mazishi. Kwa hiyo wataandikisha nimonia, kifafa, au "aliugua ghafla". Cheti kimetoka, maiti imesafirishwa mashambani, na Kenya imebaki chini ya orodha ya dunia.

Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapa Huruma na kuua zaidi ya watu 50. Waokoaji walichimba siku kadhaa, magazeti yakaandika, viongozi wakaja. Tuliwahesabu mmoja mmoja kwa sababu walikufa pamoja na kwa kishindo. Wanaokufa kwa kuzidisha unga wanakufa mmoja mmoja, ngazini, chooni, kando ya Mto Mathare, na kwa sababu hakuna kishindo hakuna hesabu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumevuka hapo: tunaficha mpaka kifo chenyewe.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao 600,000 duniani walikufa kwa sababu zinazotokana na dawa za kulevya, na karibu 8 katika kila 10 ya vifo hivyo vilihusiana na afyuni na jamii yake. Angalieni pia kwamba vingi kati ya hivyo havikuwa vya kuzidisha dawa. Vilikuwa vya homa ya ini, Ukimwi na maradhi mengine yanayofuata sindano chafu. Nchi inayohesabu waliozidisha peke yao itajiona iko salama, ilhali makaburi yake yanajaa kwa mlango wa nyuma.

Na umaskini una neno lake. Uskoti ina huduma ya afya ya bure na inahesabu vizuri. Mwaka 2020 ilirekodi vifo 1,339 vya dawa za kulevya, kiwango cha juu kuliko nchi yoyote ya Ulaya. Wakazi wa mitaa yake iliyo duni zaidi walikuwa na uwezekano wa kufa mara 18 ya wale wa mitaa yenye nafuu zaidi. Mtaa kama huu wetu, wenye vyumba vilivyobebana na vijana wanaosubiri kibarua cha mjengo, ungeeleweka vizuri sana kule Glasgow, mji wa Uskoti.

Wanaokufa kwa kukosa

Kuna madhara mengine ambayo orodha za nchi hazina hata safu yake. Ni maumivu ya mgonjwa wa saratani anayelia usiku kucha ghorofa ya nne kwa sababu mofini haipatikani. Tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikigawiwa duniani kwa mwaka, zilizofika nchi maskini kabisa zilikuwa tani 0.1. Kilo mia moja kwa mamia ya milioni ya watu. Huku kwetu, shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2010 kwamba hospitali za umma zilizokuwa na mofini ya kunywa zilikuwa saba kati ya takriban 250.

Fikirini jinsi mambo yalivyopinduka. Katika miaka ile ile ambayo Mmarekani aliyeng'olewa jino alirudi nyumbani na chupa ya vidonge, Mkenya mwenye uvimbe mfupani alipewa panadoli. Na katika mji huu huu, heroini, ambayo ni mofini iliyopikwa, ilikuwa rahisi kuipata kuliko mofini yenyewe. Ndivyo inavyokuwa nchi ikiiogopa dawa kiasi cha kuikataza hospitali, ikashindwa kuikataza uchochoro.

Majirani zetu wa Uganda walichagua njia nyingine. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Mofini ya unga huchanganywa na maji, ikatiwa rangi inayoonyesha nguvu yake, na mgonjwa akainywa nyumbani kwa vipimo. Mwaka 2004 sheria ya Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliofunzwa huduma hiyo kuandika mofini, kwa kuwa madaktari hawakutosha. Dawa hutolewa bure, na vitabu hukaguliwa. Haikuzaa Marekani nyingine. Hakuna kampuni iliyolipwa kwa kila chupa iliyomwagwa, na muuguzi anayemtembelea mgonjwa chumbani anajua amebakiza kiasi gani.

Mikono ilipobadilishwa

Ufaransa iliruhusu mwaka 1995 daktari yeyote wa kawaida amwandikie mraibu wa heroini dawa iitwayo buprenofini. Kufikia 1999 vifo vya kuzidisha vilikuwa vimepungua kwa asilimia 79. Ureno iliacha mwaka 2001 kumfunga mtu kwa kiasi kidogo cha kujitumia, ikampeleka mbele ya jopo la afya na ustawi badala ya hakimu. Afrika haikubaki nyuma kabisa. Mauritius ilianza methadoni 2006. Tanzania ilifungua kliniki yake katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Februari 2011, ya kwanza ya umma katika bara hili kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Kenya ilifuata Desemba 2014 kwenye hospitali ya Mathari, ambayo mkazi wa Huruma anaweza kuifikia kwa miguu. Malindi ikafuata 2015, na kliniki ya Ngara ikafunguliwa 2017.

Methadoni hunywewa kama sharubati mbele ya muuguzi, mara moja kwa siku. Nguvu yake hupanda polepole na kukaa zaidi ya saa 24, kwa hiyo hailevyi kama kete na inaizima arosto. Najua malalamiko yake, maana huyasikia kila ninapotaja jina hili: mnamtoa mtoto kwenye ulevi mmoja mnamtia kwenye mwingine. Jibu langu ni hili. Mwenye presha akimeza kidonge kila asubuhi miaka 20, hatusemi ni mlevi wa kidonge. Tunasema ugonjwa wake umetulizwa. Anayekunywa methadoni anajua kipimo chake, hana haja ya sindano, hana haja ya simu yako, na uwezekano wake wa kufa hupungua kwa nusu au zaidi. Nani hapa mwenye mtoto asingependa biashara hiyo?

Huduma hiyo ina kasoro zake, na kuzitaja si kuipinga. Kliniki inataka ufike kila siku. Mtu wa mjengo anatakiwa kazini saa moja asubuhi, na akichelewa nafasi yake imechukuliwa. Tunamtibu ili apate kazi, na tiba yenyewe inamnyima kazi. Wanawake ni wachache kwenye foleni ingawa wanaumia zaidi, kwa sababu mwanamke anayeonekana hapo huhofia kunyang'anywa watoto na kutengwa na ukoo. Tena sehemu kubwa ya gharama ilitegemea wafadhili, hasa mpango wa Marekani wa PEPFAR. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, vituo vingi vilivyowahudumia watu hawa nchini vilitikisika ndani ya siku chache. Uhai wa kijana wa hapa Ngei haufai kuning'inia kwenye saini inayotiwa Washington.

Wingu linalokuja

Taliban walipiga marufuku kilimo cha afyuni Aprili 2022. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mashamba ya Afghanistan yalishuka kutoka hekta 233,000 mwaka 2022 hadi 10,800 mwaka 2023. Wapo watakaopiga makofi. Mimi nawaomba tuitazame Estonia kwanza. Marufuku ya kwanza ya Taliban, ya mwaka 2000, ilifuatiwa na uhaba wa heroini katika nchi hiyo ndogo ya Ulaya. Fentanili ikaingia kujaza pengo, na kwa miaka mingi Estonia ikawa miongoni mwa nchi zenye vifo vingi zaidi barani humo kwa kulinganisha na idadi ya watu. Mlanguzi asiye na shamba hutafuta kemikali.

Afrika Magharibi imekwisha kuonja. Nigeria ilikuta katika uchunguzi wake wa kitaifa uliotolewa baada ya 2018 kwamba watu wapatao milioni 4.6 walitumia dawa za jamii ya afyuni nje ya matibabu kwa mwaka, wengi wakitumia tramadoli na dawa za kikohozi zenye kodini. Mei 2018 ilizuia dawa hizo za kodini kuingizwa na kutengenezwa. Sierra Leone ilitangaza hali ya dharura Aprili 2024 kwa sababu ya dawa ya kulevya ya mtaani iitwayo kush, na vipimo vilivyotangazwa baadaye vilikuta ndani yake nitazini, kemikali za maabara ambazo baadhi yake zinashindana na fentanili kwa nguvu.

Sisi wa Eastlands, upande huu wa Nairobi, tuna njia ileile imeshafunguliwa. Kodini inauzwa kwenye baadhi ya kemisti bila cheti. Bugizi, vidonge vya kulalia, iko mtaani, na ingawa yenyewe si ya jamii ya afyuni, ikikutana na heroini mwilini zote mbili hukaba pumzi. Siku kemikali mpya itakapochanganywa kwenye kete za Huruma, hakutakuwa na tangazo. Kutakuwa na vijana watatu au wanne wamekufa wiki moja, na fomu zao za D2 zimeandikwa nimonia.

La kufanya hapa

Nilisema kifo hiki huchukua muda. Muda huo ni wetu. Ukimkuta mtu haamki, anakoroma, midomo imekuwa ya buluu au kijivu, usimmwagie maji baridi na usimnyweshe maziwa. Atapaliwa. Mwite kwa sauti, msugue kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, inua kidevu njia ya hewa ifunguke, mpulizie pumzi kila sekunde tano, na mwenzako atafute msaada wa hospitali. Akianza kupumua mwenyewe, mlaze kwa ubavu na usimwache peke yake. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa afyuni kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Hailevyi, na ukimpa kimakosa mtu asiyetumia unga haimdhuru. Nguvu yake huisha mapema kuliko ya baadhi ya dawa za jamii ya afyuni, ndiyo maana hospitali bado ni lazima. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2014 kwamba iwe mikononi mwa watu wanaoweza kumshuhudia mwenzao akizidisha: rafiki, mama, mhudumu wa afya wa mtaa. Mikono hiyo imejaa ukumbini humu.

Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, na mwakilishi wenu wa wadi anapitisha bajeti yake. Uchaguzi ni 2027, na wagombea watakuja kabla ya hapo. Msiwaulize kama wanachukia mihadarati, kwa sababu wote watasema ndiyo. Waulizeni mambo manne. Je, wahudumu wa afya wa Huruma, Ngei na Kiamaiko watapewa naloksoni na mafunzo lini? Kliniki ya methadoni itafunguliwa saa ngapi ili mtu wa mjengo ainywe kabla ya kibarua, na mama aende na mtoto bila kuaibishwa? Mofini ya kunywa inapatikana kituo gani cha afya karibu nasi kwa mgonjwa wa saratani? Na naibu wa chifu anayejaza D2 atasaidiwa vipi kuuliza swali la unga bila familia kuogopa polisi?

Asiye na majibu ya hayo manne atawaahidi msako. Mmeuona msako miaka 30, na mnawajua wote uliowachukua.

 Maswali yaanze kwa kina mama, maana wao ndio waliokesha.